Vikapo Vitatu vya Bi Kibibi

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tisa Juni, mwaka 2025, siku mbili baada ya Idi ya kuchinja, Mwanaheri alipovishusha vikapo vitatu kutoka darini. Vilikuwa vimekaa huko juu kwa miaka mitano, vikipata moshi wa jikoni ili wadudu wasivitafune. Alivifuta masizi kwa kitambaa kibichi, taratibu, kama mtu anayenoa kisu. Kisha akaviingiza kimoja ndani ya kingine, akavifunga katika kanga kuukuu, akavitia kwapani na kutoka kwenda darasani. Aliyekutana naye njiani aliona furushi moja tu, tena la kawaida, la mama anayepitia sokoni.

Siku hiyo hakuwa anakwenda kujifunza. Alikuwa anakwenda kumkamata mtu.

Mtu mwenyewe aliitwa Likwata, mtoto wa mama mdogo wa marehemu mumewe, na kwa hiyo shemeji yake. Likwata alifanya kazi miaka sita Kilwa Masoko, katika nyumba moja ya wageni, akiwavusha watalii kwenda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani. Aliporudi kijijini kwao Kitomanga alirudi na vitu viwili: miwani ya jua na Kiingereza. Miwani ilivunjika mwaka huohuo. Kiingereza kilibaki, naye alikitumia kila mahali, msibani na mnadani, kwa kuku na kwa binadamu.

Kisa chao kilianza mwishoni mwa mwaka 2017, Mwanaheri alipofiwa na mume. Mvua za kwanza zilimkuta akiwa ndani, amekaa eda, hatoki wala haonekani. Shamba lake la Mkwajuni, ekari nne alizoachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake, lilikuwa linangoja jembe. Ndipo Likwata alipokuja akasimama nje ya mlango kama inavyotakiwa, akazungumza na pazia.

"Shemeji, pole. Shamba litageuka pori hilo. Niazime msimu mmoja tu nipande ufuta. Ukitoka eda utalikuta safi."

"Chukua, baba," Mwanaheri alijibu kutoka ndani. "Msimu mmoja. Ila usipande mti."

Hilo la mti halikuwa neno la kubahatisha. Katika vijiji vile, anayelima shamba la mwenzake hupanda mazao ya msimu: ufuta, mahindi, mbaazi. Hapandi mkorosho wala mnazi, kwa sababu mti hukaa, na anayepanda kitu kinachokaa anatangaza kwamba naye anakaa. Tena lipo jambo la pili. Ufuta wa kwanza ukipukutishwa, mlimaji hujaza kikapo kimoja akakipeleka mlangoni kwa mwenye shamba. Si kodi wala malipo, ni kusema kwa mikono kwamba shamba ni la mwenyewe. Kikapo hubaki kwa mwenye shamba mpaka shamba litakaporudi. Siku shamba linaporudi, vikapo navyo hurudi, na havirudi vitupu. Mwenye shamba hutia chumvi, au mchele, au hata kipande cha sabuni, ili watu waachane kwa wema.

Mama yake Likwata, Bi Kibibi, alikuwa msukaji ambaye mikono yake ilijulikana mpaka Pande. Kwa kazi hiyo alisuka kikapo cha namna yake, chenye mistari tisa mdomoni, mmoja mwekundu na mmoja mweusi kwa zamu. Mwezi wa sita mwaka 2018 Likwata alikileta kikapo cha kwanza kikiwa kimejaa ufuta. Mwaka uliofuata akaleta cha pili, na mwaka 2020 cha tatu. Mwanaheri, ambaye wakati huo alikuwa akimuuguza mama yake mzazi, alimwachia shamba msimu baada ya msimu, maana mgonjwa na jembe haviendi pamoja.

Mwaka 2021 akafa Bi Kibibi. Baada ya miezi mitatu akafa mama yake Mwanaheri. Walioyajua mapatano yale wakawa wamelala chini ya udongo, na kikapo cha nne hakikuja. Mwanaheri alipokwenda Mkwajuni kutazama alikuta mikorosho arobaini na miwili, imemfika magotini, imepangwa kwa kamba.

"Hii nini, shemeji?"

"Ah, kivuli tu cha kupumzikia," Likwata alisema, akacheka.

Kivuli kilikua. Mikorosho ilipopita kimo cha mtu, Februari mwaka 2024, Mwanaheri alipeleka shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji. Likwata akasimama mbele ya wazee, akaapa kwamba shamba lile alipewa na marehemu kaka yake kwa mdomo wake, na kwamba hajapata kupeleka kikapo mlangoni kwa mtu yeyote duniani.

"Vipo kwangu," alisema Mwanaheri. "Vitatu. Vya mama yako."

"Vikapo vya mama viko katika nusu ya nyumba za Kitomanga," Likwata alijibu. "Alikuwa akiuza. Hata wewe ulinunua, kama wengine."

Mzee Amiri, mwenyekiti wa baraza, alimtazama Mwanaheri kwa huruma, akauliza kama ana shahidi aliye hai. Hakuwa naye. Shauri likaahirishwa bila siku. Alipotakiwa kutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, Mwanaheri alichovya dole gumba katika wino, kwa sababu hakujua njia nyingine. Hapo Likwata akasema kwa sauti, ili walio nje nao wasikie:

"Jamani, dole gumba nalo linadai shamba! Dole gumba linajua mpaka uko wapi?"

Watu walicheka. Hawakucheka wote, ila walitosha. Mwanaheri alitoka akiwa ameficha mkono ndani ya kanga, na wino ule ulikaa kidoleni siku nne. Siku ya tano alijiandikisha katika darasa la watu wazima. Wenzake walidhani amekwenda kutafuta elimu, na kweli aliitafuta, kwa bidii iliyomshangaza mwalimu. Lakini kila alipoandika herufi, aliiandika dhidi ya mtu.

Mwalimu alikuwa msichana wa kutoka uwanda wa Wamakonde, jina lake Dativa, mpole, mwenye kuwaamkia wanafunzi wake shikamoo kabla ya kuwafundisha. Darasa lilikutana Jumatatu na Jumatano, saa nane mchana, kwenye baraza la ghala la ufuta. Baada ya mwaka mmoja kina mama wale walisoma gazeti na kuandika barua, wakaomba wafundishwe na Kiingereza kidogo. Debora, mama mnene aliyekuwa na maneno mengi kuliko kamusi, alitoa sababu yake waziwazi: "Mkwe wangu wa Dar anaongea na mwanangu kwa Kiingereza mbele yangu. Nataka nijue nasemwa nini."

Mwishoni mwa Mei Dativa aliandika ubaoni maneno mawili, "lend" na "borrow", na darasa zima likakwama hapo kama gari katika tope la Mbwemkuru. Sisi, alieleza mwalimu, tunayo maneno ya kuazima na kuazimisha, lakini midomo yetu imezoea kutumia moja kwa pande zote. Mtu husema nimeazima jembe kwa jirani, na jirani naye husema nimemwazima jembe. Waingereza wamegawa. "Lend" ni la mkono unaotoa kitu chake na kungoja kirudi. "Borrow" ni la mkono unaopokea kitu kisicho chake, ukiwa na wajibu wa kukirudisha.

"Wanajisumbua bure," Debora alisema. "Jembe ni moja, linatoka huku linakwenda huku. Maneno mawili ya nini?"

"Si kitu kimoja," alisema Mwanaheri, ambaye kwa kawaida hakusema mengi. "Aliyetoa na aliyechukua hawalali usingizi mmoja."

Usiku ule alikaa macho na maneno yale. Alijua kwamba neno la Kizungu halimrudishii mtu shamba. Kilichomkaa moyoni ni ile mikono. Vikapo vitatu vilikuwa vimesafiri kutoka mkono wa Likwata kuja mkono wake, na njia ile ilionyesha nani ni nani kuliko hati yoyote. Lakini kikapo hakina mdomo. Akikipeleka barazani, Likwata atasema kilinunuliwa. Lazima aliyekibeba aseme kwamba alikibeba, mchana, mbele ya Mzee Amiri, kwa hiari yake.

Na nini kingeweza kumfanya Likwata aseme? Mwanaheri alimchunguza katika fikra zake kama mtu anayepapasa embe kutafuta palipolainika. Alipata mahali pawili. Pa kwanza ni Kiingereza. Pa pili ni mama yake. Likwata angeweza kumdhulumu mjane bila kupepesa jicho, lakini alipomtaja Bi Kibibi sauti yake ilibadilika, na wanaume wa kijiji walijua kutomtania katika hilo.

Kisha tangazo likabandikwa. Wapimaji wamekwisha pima mashamba, na orodha ya wenye mashamba itahakikiwa Jumatatu tarehe tisa Juni, kwenye baraza la ghala. Mwenye pingamizi alitoe kabla ya saa kumi jioni. Baada ya hapo majina yatapelekwa Lindi, na hati za kimila zitatoka kwa majina hayohayo.

Mwalimu Dativa alitaka kuahirisha darasa. Mwanaheri akamsihi wasiahirishe, wakae upande wa pili wa baraza, wasimsumbue mtu. Akapendekeza pia kwamba kila mwanafunzi alete chombo kimoja cha nyumbani, kitembee kutoka mkono hadi mkono, pengine maneno yale mawili yataingia vichwani. Mwalimu alifurahi sana. Kwa Debora, Mwanaheri alikuwa na ombi jingine. "Mpelekee shemeji Likwata salamu. Mwambie darasa limeshindwa, na mwalimu anatafuta mtu aliyeongea na Wazungu wenyewe."

Debora alimkazia macho, akamwita kwa jina la mtoto wake kama kijiji kizima kilivyozoea. "Mama Naima, unapika nini?"

"Wewe lete mchi wako tu."

Basi Mwanaheri alipofika Jumatatu hiyo, kanga kwapani, jambo la kwanza alilolifanya ni kuiendea orodha iliyobandikwa ukutani na kuisoma mwenyewe. Aliisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, mpaka wa arobaini na moja: Shamba la Mkwajuni, ekari nne, Likwata. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma jambo linalomhusu bila kusomewa, nalo lilikuwa hilo. Hakulia. Alirudia kulisoma, apate kuhakikisha kwamba hasira yake haina kosa la kusoma.

"Shikamoo, Mzee Amiri."

"Marahaba, Mama Naima." Mzee alikuwa mezani na karani wa upimaji, miwani puani. "Umekuja kuweka pingamizi? Ushahidi ni uleule wa mwaka jana?"

"Nimekuja darasani, mzee."

Likwata alikuja saa nane na nusu, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Alipita mezani, akatazama jina lake kwenye orodha, akaligusa kidogo kwa ncha ya kidole kama anayempapasa mtoto kichwani. Kisha akageukia upande wa kina mama, akawasalimia kwa Kiingereza kirefu ambacho hakuna aliyekijibu.

"Shemeji!" alimwambia Mwanaheri. "Na wewe umo? Kizungu hicho utamwambia nani, mbuzi?"

"Nitakwambia wewe, shemeji."

"Mwalimu, mpe chaki huyu," alisema Debora, "maana akinyimwa ataandika ukutani kwa makaa."

Dativa alimpa chaki kwa heshima, na Likwata akaanza kufundisha. Ni haki kusema kwamba alifundisha vizuri. Alichukua mchi wa Debora akauinua juu watu wote wauone, hata waliokuwa wakisubiri zamu mezani.

"Mchi wa nani huu?"

"Wangu!" alisema Debora.

"Wako. Sasa mpe Mama Naima. Haya. Debora ame-lend. Mama Naima ame-borrow. Mchi umebadilika mwenyewe?"

"Haukubadilika!"

"Hata akiutwangia miaka kumi?"

"Haukubadilika!"

"Mnaona? Aliye-lend ndiye mwenyewe. Aliye-borrow ana kazi moja tu, kurudisha. Asiporudisha tunamwitaje?"

"Mwizi!" kina mama waliitika kwa pamoja, na hata karani akatabasamu.

"Mwizi," alisema Likwata, akicheka nao. "Kweli kabisa. Kingine!"

Mwanaheri alifungua kanga yake kidogo, akachomoa kikapo kilichokuwa juu, akakiweka sakafuni mbele ya ubao.

Likwata alikiona. Mistari tisa, mwekundu na mweusi, ilikuwa imefifia kwa moshi, lakini mkono uliosuka haukujificha. Likwata akageuza uso. "Hicho kiache. Nipeni ungo ule pale, tuendelee na ungo."

Mwanaheri aliona kwamba amekitambua, na kwamba akili yake bado inaushika ulimi wake. Ilikuwa imekaribia saa tisa. Alikuwa amejiandaa kwa hili pia, ingawa aliomba isifike huku. Moyoni alisema, Bi Kibibi, nisamehe, si wewe ninayekusema. Kisha akafungua mdomo.

"Nilitaka kuuliza tu, shemeji, maana hiki hakikuazimwa wala hakikuazimishwa. Nilikinunua Lindi mnadani, shilingi elfu mbili. Nadhani walinipunja. Tazameni mdomo ulivyopinda. Aliyekisuka alikuwa anakimbilia fedha, au macho yalikuwa yamemwisha."

Debora alikichukua akakigeuza huku na huku. Hakuwa ameambiwa kitu, lakini hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. "Elfu mbili? Mimi ningetoa mia tano nimfunikie kuku wangu anayeatamia."

"Weka chini hicho!" alisema Likwata.

"Kwani chako?"

"Nimesema weka chini, Debora!"

"Mwache," Mwanaheri alisema kwa upole mkubwa. "Kazi ya mnadani haina mwenyewe. Waliosuka vile walikuwa wakisuka hamsini kwa wiki, ilimradi wauze."

Hapo uzi ukakatika.

"Mama yangu hakuuza kikapo cha mistari tisa hata siku moja!" Likwata alipiga kelele, na chaki ikavunjika mkononi mwake. "Hakuuza wala hakugawa! Vile vingine, sawa, aliuza. Hivi alikaa wiki tatu kwa kimoja, nami nakaa pembeni namkatia ukindu, macho yanamtoka machozi kwa moshi wa rangi. Unasema kimepinda mdomo? Kikapo hiki nilikibeba mimi kichwani, kimejaa ufuta mpaka unamwagika, nikakufikishia mlangoni kwako, ukanishukuru kwa mdomo wako! Leo unasema mnadani?"

Penye meza, Mzee Amiri alivua miwani akaiweka juu ya daftari.

Mwanaheri hakutabasamu. Alikuwa ameingoja sentensi hiyo mwaka na miezi minne, akaiacha itulie watu waisikie yote.

"Likwata," aliita Mzee Amiri. "Rudia. Ulikipeleka wewe?"

"Mzee, mimi nilikuwa nazungumzia kazi ya mama tu."

"Nami nimeisikia. Mistari tisa marehemu hakuuza, hakugawa, umesema. Alisukia nini?"

Akajibu Debora, ambaye sasa alikuwa ameelewa na macho yamemwaka. "Ya ufuta wa kwanza, mzee! Kila mwanamke wa rika langu anajua. Ilikuwa ya mlangoni kwa mwenye shamba."

"Nilimpa kama shemeji," Likwata alisema haraka. "Zawadi. Alikuwa mjane, jamani, ametoka eda."

"Zawadi," alirudia Mwanaheri. Akaifungua kanga yote sasa, akatoa kikapo cha pili akakiweka kando ya cha kwanza. "Hiki cha mwaka 2019." Akatoa cha tatu. "Na hiki cha 2020. Zawadi ya miaka mitatu, shemeji, kila mwaka mwezi wa sita, nami sikukupikia hata chai? Kumbe mimi ni mtu mbaya hivyo?"

Mtu mmoja aliangua kicheko, kisha wa pili, na safari hii Mwanaheri alijua kicheko kinakwenda upande gani.

"Mwaka jana uliapa mbele yangu," alisema Mzee Amiri, "kwamba hujapata kupeleka kikapo mlangoni kwa mtu yeyote duniani. Nililiandika, neno kwa neno. Sasa niambie, ufuta huu ulitoka shamba gani? Miaka ile ulikuwa unalima mangapi?"

"Moja," Likwata alisema, kwa sauti ya chini sana.

"Lipi?"

"Mkwajuni."

Mwanaheri aliinuka, akaokota kipande cha chaki kilichoanguka, akamnyooshea. "Shemeji, wewe ndiye mwalimu leo. Umetufundisha vizuri, nakushukuru. Basi tuonyeshe ubaoni. Wewe umo katika neno lipi, na mimi nimo katika lipi?"

Likwata hakuipokea chaki. Alimtazama kwa macho ya mtu aliyeona shimo baada ya kutumbukia, na ndipo alipofahamu kwamba salamu za Debora, darasa, mchi na tusi la mnadani, vyote vilikuwa vimepangwa kwa ajili yake.

Mzee Amiri alimwashiria karani, naye akachora mstari juu ya jina lililokuwa la arobaini na moja, akageuza daftari. Mwanaheri aliandika jina lake lote, herufi baada ya herufi, hakuharakisha. Wino haukumgusa kidole. Kisha daftari likapelekwa kwa Likwata, atie sahihi kwamba ameondoa dai lake. Alichomoa kalamu yake mfukoni, lakini kalamu ikagonga karatasi mara mbili bila kuandika.

Mwanaheri akamsogezea kidau cha wino.

"Kama mkono umekataa, shemeji, usione haya. Dole gumba linatosha. Dole gumba linajua mpaka uko wapi."

Waliokuwapo mwaka jana walikumbuka, na hakuna aliyecheka. Likwata akachovya.

Alipomaliza alimfuata Mwanaheri hadi kwenye nguzo ya baraza, akazungumza polepole ili wengine wasisikie. "Mikorosho arobaini na miwili, shemeji. Nimeipalilia kwa mikono yangu. Mwaka huu ndiyo itazaa sawasawa. Niachie msimu mmoja tu, kisha nitatoka."

"Msimu mmoja," alisema Mwanaheri. "Uliniomba hivyo hivyo, umesimama nje ya pazia langu, na mimi ndani nimevaa nyeupe. Nikakwambia nini?"

Likwata aliitazama nguzo.

"Nilikwambia nini, Likwata?"

"Usipande mti."

"Ukapanda. Mti umefuata ardhi. Msimu wako mmoja ulikwisha mwaka 2018."

Alirudi akaviokota vikapo, akavipangusa vumbi la sakafu, akaviingiza tena kimoja ndani ya kingine. Akamkabidhi Likwata kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, mbele ya Mzee Amiri, mbele ya karani, mbele ya kina mama wote wa darasa. Shamba lilikuwa limerudi, na vikapo vilikuwa vinarudi. Macho ya watu yote yaliingia ndani ya kikapo cha juu, na ya Likwata pia, kutafuta kile ambacho kila mtu alijua kinapaswa kuwamo.

Hapakuwa na kitu.

"Mama Naima," alinong'ona mwalimu Dativa, ambaye hata kwao uwandani chombo hakirudi kitupu, "hata chumvi kidogo?"

"Hata punje."

Alimaanisha. Alikuwa ametoka nyumbani na chumvi katika fundo la kanga, kwa ajili ya Bi Kibibi, na njia nzima alikuwa akiipima moyoni. Sasa aliishika pale fundoni, akaikaza, akaiacha ilipo. Chumvi ya Bi Kibibi angeipeleka mwenyewe kaburini, Ijumaa, pamoja na dua na maombi ya msamaha kwa yale aliyoyasema juu ya kazi yake. Mwanawe hakuwa na fungu humo.

Likwata alishuka ngazi za ghala akapita katikati ya soko na vikapo vitatu vitupu mkononi. Wauza mihogo walimwona, na wazee waliojua maana ya mistari tisa walivitazama vikapo kabla ya kumtazama yeye. Hakuna aliyemuuliza. Jambo la kuuliza halikuwapo.

Mwanaheri alikaa tena kwenye mkeka. "Mwalimu," alisema, "tulikuwa tumefika kwenye ungo."

Ijumaa alikwenda makaburini. Jumamosi alikwenda Mkwajuni na panga, akapalilia chini ya mikorosho arobaini na miwili, akiihesabu kwa sauti, na kila mti alioufikia aliuita wangu.

Nawe uliyeifuata habari hii mpaka hapa, usiikunje ukaitia chini ya godoro. Msomee jirani asiyejua kusoma. Mpelekee mjane aliyeko ndani ya eda, ambaye mtu amesimama nje ya pazia lake akimwomba msimu mmoja. Naye akishaisikia, mwambie ampe mwingine.